Karatasi ya Bunda Ina Bei Gani?

Tarehe 12 Februari 2009 ilitimia miaka 200 tangu Abraham Lincoln azaliwe. Marekani iliiadhimisha siku hiyo kwa kutoa senti mpya yenye kibanda cha magogo, kukumbuka alikozaliwa Kentucky, na kabla ya mwaka kwisha zikafuata nyingine tatu: ya ujana wake Indiana, ya kazi zake Illinois na ya urais wake Washington. Kiwanda cha Sarafu cha Marekani hakikuziachia benki peke yake. Kiliwauzia pia wakusanyaji mabunda mawili mawili, moja la tawi lake la Philadelphia na moja la tawi la Denver, kila bunda likiwa na senti 50 zilizoviringishiwa karatasi iliyochapwa maandishi ya toleo. Ukiyapeleka mabunda hayo dukani, yote mawili ni dola moja tu. Bei yake ilikuwa dola 8.95, posta mbali.

Mnunuzi, basi, alitoa karibu dola nane kwa kitu ambacho si sarafu. Alilipia karatasi. Alilipia uhakika kwamba hakuna aliyemtangulia kuzichambua senti zile. Zaidi ya yote alilipia tumaini kwamba siku moja mkusanyaji mwingine atayataka mabunda hayo yakiwa yamefungwa vilevile, na atatoa zaidi. Ukihesabu kupanda kwa bei za bidhaa Marekani, dola 8.95 za mwaka 2009 ni kama dola 13 za mwaka 2024. Mabunda hayo leo huzunguka karibu na bei ileile ya mwanzo. Aliyeyanunua hakupata faida. Kwa uwezo wa kununua, amepoteza.

Je, ni bahati mbaya ya toleo moja, au ndiyo kanuni? Biashara ya mabunda ya sarafu imekomaa Marekani kuliko kwingine, na huko ndiko matokeo ya muda mrefu yanakoweza kupimwa. Lakini matangazo yake hayana mipaka: Mswahili wa Minneapolis au Houston huyaona, na wa Dar es Salaam au Mombasa anayeagiza vitu mtandaoni huyaona pia. Ukiyapima mambo yaliyotokea katika miaka sabini iliyopita, jibu linajitokeza lenyewe. Kifungashio huongeza thamani ya kudumu kinapokuwa ushahidi usioweza kutengenezwa upya, kinapoilinda sarafu kwelikweli, na wengine wanapokuwa wamekwisha kukitupa. Karatasi nyingi zinazouzwa leo kwa jina la "maalumu" hazina hata moja kati ya sifa hizo.

Bunda lilivyogeuka mali

Bunda la sarafu lilibuniwa kwa ajili ya kurahisisha hesabu. Mwenye duka afunguaye sanduku la fedha asubuhi hataki kuhesabu chenji moja moja, kwa hiyo benki humpa sarafu zilizopangwa na kuviringishwa kwa idadi inayojulikana. Kwa Marekani, senti moja huwa 50 kwa bunda, senti tano 40, senti kumi 50, robo dola 40, nusu dola 20, na dola ndogo za siku hizi 25. Karatasi ilikusudiwa kuchanwa na kutupwa. Hakuna aliyefikiri kuitunza.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, wakusanyaji walipoanza kuchukua mabunda mazima benki na kuyafungia kabatini. Sarafu iliyowatia wazimu ilikuwa senti tano ya 1950 kutoka Denver. Kiwanda hicho kilipiga 2,630,030 tu, idadi ndogo kuliko zote katika mfululizo wa senti tano za Jefferson zilizotolewa kwa matumizi. Habari ilienea mapema, watu wakazikimbilia. Kufikia mwaka 1964 sarafu moja ilikuwa imefika karibu dola 30, maana yake bunda la thamani ya dola mbili lilikuwa likitajwa kwa dola 1,200 hivi.

Kisha soko likaanguka. Leo senti tano hiyo, ikiwa mpya kabisa, hupatikana kwa chini ya dola 20, wakati dola 1,200 za mwaka 1964 zina uwezo wa kununua sawa na dola 12,000 za mwaka 2024. Sababu ni rahisi kuiona baada ya tukio. Zilipigwa chache, lakini karibu zote zilitunzwa. Mkusanyaji wa leo anayehitaji moja nzuri hapati taabu, kwa kuwa kizazi cha babu yake kilimhifadhia kwa mabunda.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya biashara hii inapopatikana. Uhaba hauhesabiwi kwa zilizotoka kiwandani. Huhesabiwa kwa zilizobaki katika hali nzuri. Kitu ambacho kila mtu amekiweka akiba kwa matarajio ya kupanda bei kimejinyima chenyewe nafasi ya kupanda. Kanuni hiyo inaigusa sarafu, na inakigusa kifungashio chake kwa ukali zaidi.

Kiwanda kilipoanza kuuza karatasi

Kati ya mwaka 1999 na 2008 Marekani ilitoa robo dola za majimbo, tano kila mwaka hadi zikatimia 50. Zilipigwa zaidi ya bilioni 34. Watoto walizitafuta katika chenji, wazee wakanunua vibao vya ramani vya kuzipanga, na kiwanda kikaona soko. Kikauza mifuko, kikauza na mabunda mawili ya kila jimbo kwa zaidi ya dola 30, ilhali ndani yake mlikuwa na dola 20. Ukiyapeleka mabunda hayo leo kwa mfanyabiashara wa sarafu, mengi atakupa kiasi kisichozidi sana zile dola 20 zilizomo. Wengine hawayataki kabisa.

Kilichofuata kilikuwa cha kuvutia zaidi, kwani kiwanda kilianza kutoa sarafu ambazo hazikupelekwa sokoni kabisa. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2020 nusu dola za Kennedy zilipigwa kwa ajili ya wakusanyaji peke yao, zikauzwa kwa mabunda na mifuko. Desemba 2011 Wizara ya Fedha ilisimamisha upelekaji wa dola zenye picha za marais kwenye mzunguko, kwa sababu sarafu za dola zipatazo bilioni 1.4 zilikuwa zimelala kwenye maghala ya Benki Kuu bila mtu wa kuzitumia. Tangu hapo hadi mfululizo ulipofungwa mwaka 2016, aliyezitaka alizinunua kwa bunda la sarafu 25 kwa takriban dola 33. Mwaka 2012 tawi la San Francisco nalo likaanza kupiga robo dola zenye alama ya S zisizokwenda benki, ili ziuzwe kwa mabunda na mifuko.

Baadhi ya mabunda hayo yamejitetea vizuri kuliko yale ya majimbo. Lakini tazama nini kimeyatetea. Robo dola ya S na nusu dola ya miaka ile zina idadi ndogo, na mtu anayejaza albamu yake hawezi kuzipata kwenye chenji. Nyongeza ya bei imo ndani ya sarafu yenyewe: ukilichana bunda na kuziuza moja moja, thamani inabaki nawe. Karatasi iliyochapwa nembo ya kiwanda ilikuwa njia ya kuifikisha sarafu nyumbani.

Kwa nini karatasi yenyewe hailipi? Kwanza, kila aliyeinunua anajua kuwa ni ya kutunzwa, kwa hiyo anaitunza. Haitakuja kuwa adimu. Pili, sarafu zilizomo ni za ubora uleule wa matumizi ya kawaida. Zimegongana ndani ya mapipa ya kiwanda na zina mikwaruzo kama ndugu zao waliopelekwa benki. Tatu, wanunuzi ni wachache. Mkusanyaji wa kawaida anahitaji sarafu moja ya kila aina, labda mbili. Anayetaka 40 za namna moja ni mtu wa pekee, na kwa kawaida amenunua za kwake siku zilipotoka. Nne, kuna uzito. Mabunda mawili ya robo dola yana gramu 453.6 kabla hujaweka sanduku, na nauli ya posta hula kile kidogo ambacho muuzaji angekipata.

Ukimpa mfanyabiashara mzoefu bunda, jambo la kwanza analouliza ni kilichomo. Likiwa la nusu dola za 1964, ambazo ni asilimia 90 madini ya fedha, ataanza hesabu kwenye wakia 7.2 hivi za fedha zilizomo katika sarafu 20, kisha ndipo atazame hali ya sarafu. Karatasi huitazama mwisho, na aghalabu kwa shaka.

Pale kifungashio kilipolipa kweli

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kifungashio hakina thamani kamwe. Upo mfano mkubwa wa kinyume chake, nao unastahili kutazamwa kwa karibu.

Machi 1964 Hazina ya Marekani iliacha kutoa dola za fedha baada ya watu kupanga foleni kuzichukua. Zilipohesabiwa zilizobaki, zilikutwa karibu milioni tatu, na nyingi zilikuwa na herufi mbili ndogo chini ya tai: CC, alama ya kiwanda cha Carson City, Nevada, kilichopiga sarafu kati ya mwaka 1870 na 1893. Zilikuwa zimelala kwenye mifuko kwa takriban miaka themanini. GSA, idara inayosimamia mali za serikali kuu, ilipewa kazi ya kuziuza kwa umma, ikafanya hivyo kwa awamu kati ya mwaka 1972 na 1974, ikamalizia mwaka 1980.

Kila dola ya Carson City iliyo mpya iliwekwa peke yake katika kasha gumu la plastiki lililofungwa, sarafu ikionekana pande zote mbili, na kasha likatiwa ndani ya sanduku dogo pamoja na kadi yenye ujumbe wa Rais Nixon. Watu wengi waliozinunua waliliona kasha kuwa kubwa na la kuudhi. Halikutoshea kwenye albamu. Kampuni za kupima ubora wa sarafu zilipoibuka katikati ya miaka ya 1980, wamiliki walivunja makasha kwa maelfu ili dola zao zipimwe na kutiwa katika makasha mapya ya kampuni hizo. Kila lililovunjwa lilipunguza idadi, na hakuna wa kulitengeneza jingine, kwani mauzo yalikwisha.

Leo dola iliyobaki katika kasha lake la GSA kwa kawaida huuzwa kwa zaidi ya ileile iliyotolewa. NGC, moja ya kampuni kuu za upimaji, hata ilikubali kupima sarafu bila kuitoa, ikazungushia kasha utepe wenye daraja lake. Kasha limekuwa ushahidi: linasema dola hii ilitoka moja kwa moja kwenye ghala la Hazina, haikupita mikononi mwa mtu wala kuoshwa.

Lakini hata hapa kasha halifanyi kazi peke yake. Dola za Carson City za 1884 zilizouzwa na GSA zilikuwa 962,638, kati ya 1,136,000 zilizopigwa mwaka huo. Karibu kila dola nzuri ya mwaka huo ilipitia kwenye kasha, kwa hiyo kasha lake huongeza bei kwa kiasi tu. Za 1891 zilizokuwamo katika mauzo yale zilikuwa 5,687, wakati zilizopigwa zilikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Dola ya 1891 ndani ya kasha la GSA ni kitu kingine kabisa, na nyongeza yake hailingani na ya 1884 hata kwa mbali. Plastiki ni ileile, kiwanda kilekile. Tofauti imeletwa na uhaba wa mchanganyiko huo: sarafu hii, ndani ya kasha hili.

Kati ya karatasi za kiwanda na makasha ya GSA kuna kundi la katikati. LaVere Redfield, tajiri wa Reno, Nevada, alifariki mwaka 1974 akiacha dola za fedha zaidi ya 400,000. Mnada wa mwaka 1976 uliziuza zote kwa mkupuo mmoja kwa dola milioni 7.3, na kampuni ya Paramount ikazitia nyingi kwenye vibao vya plastiki vyenye jina la Redfield. Vibao hivyo vilitengenezwa na mfanyabiashara kwa nia ya kuuza, lakini viliambatana na kisa cha kweli kilichojulikana nchi nzima. Soko limeviheshimu: vina nyongeza, ila ni ndogo kuliko ya GSA. Kisa kina bei. Muhuri wa serikali una bei kubwa zaidi.

Ncha mbili za bunda

Kabla kiwanda hakijaanza kuuza mabunda yake, yalikuwapo yale ya benki, nayo ndiyo ambayo wakusanyaji wa zamani huyathamini hasa. Mashine ya benki iliviringisha karatasi nene, ikaikunja pembezoni kwa nguvu kiasi kwamba sarafu ya mwisho ilionekana katikati kama kitako cha risasi. Bunda la miaka ya 1950 lililofungwa hivyo na kubaki bila kufunguliwa lina mvuto wa aina mbili: sarafu zake hazijaguswa, na huenda ndani yake imo yenye kosa la kiwandani ambalo hakuna aliyeliona.

Mvuto huo wa pili si ndoto tupu. Mwishoni mwa mwaka 2004 robo dola za Wisconsin zenye mchoro kama jani la ziada kwenye hindi zilianza kuonekana Tucson, Arizona, na San Antonio, Texas. Mwaka 2007 dola za George Washington zilitoka bila maandishi yoyote ubavuni, na nyingi zilikutwa kwenye mabunda ya kawaida ya benki. Waliozipata walipata faida. Lakini walizipata kwa kuyachana mabunda. Aliyelihifadhi bunda lake bila kulifungua alibaki na tumaini, na tumaini haliwezi kuuzwa mara mbili kwa mnunuzi mmoja.

Penye tumaini, tapeli hakosi. Mashine za kukunja ncha za bunda zinapatikana kwa yeyote, na karatasi za zamani zenye majina ya benki pia zinapatikana. Mbinu inayojulikana sana ni kupanga sarafu za kawaida katikati, kuweka ya zamani yenye thamani kwenye kila ncha, kisha kukunja. Mnunuzi huona mwaka wa kuvutia upande huu na alama ya kiwanda ya kuvutia upande ule, na muuzaji humwapia kuwa halijafunguliwa. Akilichana nyumbani hukuta mbili alizoziona na 48 za kutumia dukani. Kwa sababu hiyo mwenye uzoefu hulichukulia bunda la benki lisilo na historia inayoeleweka kama bunda lililokwisha kufunguliwa, na hulipa kwa kipimo hicho.

Mabunda ya kiwanda, kwa haki, yana nafuu hapa. Karatasi iliyochapwa jina la toleo ni ngumu zaidi kuigiza, na udanganyifu hauna faida pale ambapo sarafu zenyewe ni za bei ndogo. Lakini usalama dhidi ya utapeli hauongezi bei ya kitu. Hulinda tu bei kilichonayo.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Sarafu ndani ya kifungashio kibaya huoza. Karatasi na kadibodi nyingi zina salfa, na salfa hubadilisha rangi ya fedha: kwanza njano hafifu, kisha bluu, mwishowe nyeusi. Sarafu za kwenye ncha, ambazo nyuso zake ziko wazi kwa hewa, huathirika kabla ya nyingine. Mara chache rangi hizo hutoka nzuri kama upinde wa mvua na kuwavutia wanunuzi. Mara nyingi hutoka madoa.

Senti za Marekani za tangu mwaka 1982 zina tatizo kubwa zaidi. Ndani ni zinki, asilimia 97.5 ya sarafu nzima, na shaba ni ngozi nyembamba ya juu. Unyevu ukipenya mahali ngozi ilipokatika, zinki huvimba na kutoa malengelenge, na senti moja iliyoharibika huiambukiza madoa ile iliyolaliana nayo. Senti za Lincoln za 2009 zilizouzwa kwa mabunda zilikuwa za zinki. Zile za asilimia 95 shaba, kama za mwaka 1909, kiwanda kilizitia kwenye seti za wakusanyaji tu. Kwa hiyo aliyelifungia bunda lake kwenye stoo yenye joto na unyevu, akiliacha kwa nia njema bila kulifungua, hawezi kujua analinda nini.

Plastiki nayo haiaminiki yote. Vifuko laini vya PVC huchujuka kwa miaka na kuacha utando wa kijani unaonata, ambao hula uso wa sarafu. Mirija ya polietilini au polipropilini haina tabia hiyo, ingawa baadhi ya mirija ya miaka ya 1960 ilisinyaa hadi sarafu zikakwama ndani. Kifungashio kinachoilinda sarafu vizuri, mara nyingi, ni mrija wa bei ndogo usio na maandishi yoyote, uliowekwa mahali pakavu. Cha bei kubwa ndicho cha karatasi.

Lebo juu ya lebo

Mabunda si kifungashio pekee kinachouzwa kwa ahadi. PCGS ilipoanza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zilileta huduma ya maana: sarafu inapimwa na mtu asiyeiuza, inapewa daraja kati ya 1 na 70, kisha inafungwa kwenye kasha la plastiki. Kasha hilo lilipunguza ubishi kati ya mnunuzi na muuzaji, na kwa sarafu za bei kubwa limethibitisha faida yake.

Baadaye zikaja lebo za kusema sarafu hii ni ya "mapigo ya kwanza". Kwa kawaida maana yake ni kwamba ilifika kwa mpimaji ndani ya siku za mwanzo za mauzo. Kiwanda chenyewe kimeeleza kwamba hakifuatilii ni ipi ilipigwa kabla ya ipi. Lebo hiyo huuza wiki ya kwanza. Miaka kumi baadaye, mnunuzi huangalia sarafu na daraja lake. Kampuni ya Franklin Mint, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliufundisha umma somo hilohilo kwa njia ya masanduku: medali zake za fedha ziliuzwa ndani ya makasha ya kifahari yenye vyeti, na leo nyingi huuzwa kwa uzito wa fedha iliyomo.

Sarafu zisizo na nguo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2019 na 2020 kiwanda cha West Point, New York, kilipiga robo dola zenye alama ya W, aina tano kila mwaka, milioni mbili kwa kila aina. Hazikuuzwa kwa wakusanyaji hata moja. Zilichanganywa na robo dola za kawaida, zikasambazwa nchini kupitia benki bila kifungashio chochote cha pekee. Anayeitaka aitafute kwenye chenji. Hadi leo robo dola ya W iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa dola kadhaa, yaani mara nyingi ya thamani yake dukani. Ile ya jimbo iliyofungiwa karatasi ya kiwanda haijawahi kuikaribia. Nyingi za W zimechakaa mifukoni mwa watu wasiojua walichoshika, na uchakavu huo ndio unaozifanya nzima ziwe chache.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani zaidi. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walipiga dhahabu ya mgodi wa Sekenke kwenye karakana ya reli ya Tabora wakapata sarafu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima. Zilikuwa kama 16,000. Hazikuwa na kasha, hazikuwa na cheti, na mashine zilizozipiga hazikukusudiwa kazi hiyo. Leo sarafu moja ya Tabora hununuliwa kwa maelfu ya dola. Thamani yake imo kwenye dhahabu, kwenye uchache na kwenye mazingira yaliyoizaa, na hayo matatu hayawezi kuchapwa kwenye karatasi.

Jinsi ya kupima

Mtu anayeshawishiwa kununua bunda lenye kifungashio maalumu aulize maswali matatu. La kwanza: karatasi hii ikichanwa, sarafu zilizomo zitauzwa kwa kiasi gani moja moja? Jibu hilo ndilo sakafu ya bei, na tofauti kati yake na bei anayoombwa ndiyo anayolipia karatasi. La pili: kifungashio hiki kinathibitisha jambo gani ambalo sarafu yenyewe haiwezi kulithibitisha? Kasha la GSA lina jibu. Karatasi yenye jina la rais haina, kwani sarafu yenyewe inalo jina hilo. La tatu: wangapi wametunza kifungashio kama hiki? Kikiwa kimeuzwa kwa watu wa kutunza tu, ajue ameingia kwenye foleni ndefu ya wauzaji wa kesho.

Aliyekwisha kununua bunda asikimbilie kulichana. Nyongeza ndogo ni bora kuliko bila nyongeza, na bunda likichanwa halirudi. Akague dalili za unyevu kwenye ncha, aliweke pakavu, na aandike alikolipata na lini. Risiti ya kiwanda iliyobaki na bunda lake ina uzito kuliko maneno ya muuzaji. Na anayenunua bunda kwa furaha ya kuwa nalo hana deni kwa mtu. Hesabu hizi zinamhusu anayeuita ununuzi huo uwekezaji.

Novemba 2025 Marekani ilipiga senti zake za mwisho kwa ajili ya matumizi, Philadelphia. Mabunda ya senti za mwaka huo yanatafutwa na kufungiwa kabatini, na yenye karatasi za kuvutia hutangazwa kama kumbukumbu ya historia. Kumbukumbu ni kweli. Lakini mabunda hayo yapimwe kwa maswali yale matatu: dukani bunda ni nusu dola, karatasi haithibitishi lolote ambalo mwaka uliopigwa juu ya sarafu hausemi, na wanaoyatunza ni umati. Senti zilizo na nafasi ya kuwa adimu baada ya miaka hamsini ni zile zisizo na doa, na hizo zitategemea zaidi ukavu wa kabati kuliko uzuri wa karatasi.